Mchafuko, Mtikisiko, Mfifio: Uhakiki wa Istilahi za Kijapani za Sifa za Picha

1. Utangulizi

Makala haya yanahakiki kundi dogo la maneno ya Kijapani ambayo wapiga picha wa Japani huyatumia wanapopima kazi ya lenzi na sura ya picha. Moja kati yake, 'boke', limevuka bahari na kuenea duniani kwa tahajia ya 'bokeh'. Leo hii linasomeka hata katika matangazo ya simu za mkononi, mbele ya watu wengi wasiojua kwamba ni neno la Kijapani. Mengine ya ukoo wake hayakusafiri. Jambo hilo la neno moja kuondoka na ndugu zake kubaki nyumbani ndilo linalotushughulisha hapa.

Tuna sababu mbili za kulileta suala hili mbele ya wasomaji wa taaluma za Kiswahili. Kwanza, mjadala wetu wa istilahi kwa muda mrefu umekaa juu ya majina ya vitu: chombo hiki kiitweje, idara ile iitweje. Istilahi za kutathmini, yaani maneno ambayo kwayo mtu husema kwamba kazi fulani ni njema au mbovu na kwa nini, hazijapata nafasi ya kutosha. Pili, mji wetu wa Lubumbashi una sanaa ya picha yenye nguvu. Mwaka 2008 kilianzishwa hapa chama cha wasanii kinachoitwa Picha, ambacho mpiga picha Sammy Baloji ni mmoja wa waasisi wake, na ambacho huandaa maonyesho ya kimataifa ya sanaa mjini. Jina la chama ni la Kiswahili. Lakini mtu akitaka kueleza kwa Kiswahili jinsi picha ilivyo, mara nyingi hukimbilia Kifaransa: foto iko 'flou', basi, na mazungumzo huishia hapo.

Hoja yetu ni kwamba istilahi haipaswi kupimwa kwa asili yake, bali kwa uzazi wake: je, neno hili laweza kuzaa maneno mengine ndani ya lugha inayolitumia? Kwa kipimo hicho tutaona Wajapani walifaulu wapi, waliowaazima walipoteza nini, na sisi tunaweza kuchagua nini.

2. Ukoo wa maneno

'Boke' ni nomino iliyotokana na kitenzi 'bokeru'. Kijapani kina desturi ya kuchukua umbo la kitenzi na kulisimamisha kama nomino bila kuongeza kitu. 'Bokeru' husemwa juu ya rangi inayopauka, juu ya sura isiyoonekana wazi, na juu ya akili ya mzee inayodhoofika. Katika 'manzai', maigizo ya kuchekesha ya watu wawili, yule anayesema maneno ya kipumbavu huitwa 'boke'. Msafiri aliyepotewa na usingizi baada ya kuvuka nchi nyingi kwa ndege ana 'jisa-boke', yaani 'boke' ya tofauti ya saa. Kwa hiyo mpiga picha wa Kijapani anapotamka neno hili anatamka neno la sebuleni kwake, alilolisikia utotoni kabla hajashika kamera.

Ndugu zake ni wa aina hiyo hiyo. 'Bure' latokana na 'bureru', kuyumba au kutoka mahali pake. Ni hali ya picha iliyotikisika. Kitenzi hicho hicho husemwa juu ya mwanasiasa asiye na msimamo. 'Are' latokana na 'areru', kitenzi cha bahari inapochafuka na cha ngozi inapokauka na kupasuka; katika picha ni ile hali ya chembechembe nzito na weusi mkali. 'Nuke' latokana na 'nukeru', kupenya hadi upande wa pili, na husifu picha iliyo safi kama hewa baada ya mvua. 'Kire' latokana na 'kireru', kukata vizuri, na husifu lenzi inayochora mambo madogo kwa makali ya kisu.

Mwanaisimu hawezi kukosa kuona kinachoyaunganisha maneno haya. Vitenzi vyote vitano ni vitenzi si elekezi: havichukui yambwa. Vinaeleza kilichotokea bila kumtaja aliyekitenda. Kila kimoja kina mwenzake aliye elekezi. Mwenzake 'bokeru' ni 'bokasu', kukifanya kitu kififie, na nomino yake 'bokashi' ilikuwa imekwisha zoeleka katika uchapaji wa picha kwa mbao kabla kamera haijafika Japani. Mchapaji alipangusa wino juu ya ubao ili bluu ya anga ipungue taratibu kuelekea upeo. Jambo hilo laonekana katika picha nyingi za Utagawa Hiroshige (1797–1858). Kwa hiyo lugha ilikuwa na maneno mawili tayari: moja la kufifia kunakotokea na jingine la kufifisha kwa kusudi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ukoo huu hauna damu ya kigeni. Neno la Kijapani la mahali ambapo miale hukutana na picha kuwa wazi ni 'pinto', nalo limetokana na 'brandpunt' la Kiholanzi. Waholanzi walikuwa na kituo chao cha biashara katika kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki, tangu 1641, na elimu ya vioo na miale ilipitia mlango huo. Wajapani walilipokea neno, wakalifupisha kuwa 'pin', wakaliunganisha na la kwao: 'pin-boke', yaani kufifia kwa sababu ya kulenga vibaya. Picha ambayo haikuwa wazi sawasawa husemwa kwamba 'pinto' yake ni tamu, na utamu huo si sifa, kwani kwa Kijapani utamu ni pamoja na ulegevu.

Kando ya 'pin-boke' kuna 'te-bure', mtikisiko wa mkono wa mpiga picha, na 'hishatai-bure', mtikisiko wa kile kinachopigwa. Ni makosa matatu yenye dawa tatu tofauti: kulenga upya, kuutuliza mkono, au kufupisha muda wa mwanga. Kifaransa huyaita yote 'flou', kisha huongeza maelezo. Kijapani huyatenga kuanzia kwenye mzizi wa neno lenyewe.

3. Ladha ya kufifia

Hadi hapa tumetaja makosa. Hatua kubwa ya wapenzi wa picha wa Japani ilikuwa kuliondoa 'boke' katika orodha ya makosa na kulipa kipimo cha ubora. Walilifungamanisha na 'aji', ladha, wakapata 'boke-aji': ladha ya kufifia. Kwa maneno mengine, sehemu ya picha isiyokuwa wazi si mabaki. Ina tabia yake, nayo hutofautiana kati ya lenzi na lenzi.

Tabia hiyo ina sababu zake. Nukta ya mwanga iliyo nje ya fokasi haichorwi kama nukta. Huchorwa kama duara. Katika lenzi nyingi, miale inayopita karibu na ukingo haikutani mahali pamoja na miale inayopita katikati, na mtengenezaji hujaribu kusahihisha kasoro hiyo. Akizidisha usahihisho, duara la nyuma ya mhusika huwa na ukingo unaong'aa kuliko katikati yake. Hapo tawi jembamba la mti huonekana kama matawi mawili yanayokwenda sambamba. Wajapani huiita hali hiyo 'nisen-boke', 'boke' ya mistari miwili, na huichukia. Mtengenezaji akipunguza usahihisho, ukingo wa duara huyeyuka na nyuma ya picha hulainika, lakini mbele ya mhusika mambo hugeuka kinyume. Ndiyo maana ya kutenga 'mae-boke', ya mbele, na 'ushiro-boke', ya nyuma. Si urembo wa maneno, ni fizikia.

Orodha yaendelea. 'Tama-boke' ni taa za usiku zinazogeuka kuwa mipira ya mwanga. 'Guruguru-boke' ni kufifia kunakozunguka kando ya picha, kama kunakoonekana katika lenzi za mtindo uliobuniwa na Joseph Petzval mwaka 1840. 'Guruguru' ni tanakali, neno linaloiga mzunguko kwa sauti yake. Msomaji wa lugha za Kibantu, ambazo zimejaa tanakali, atajisikia yuko nyumbani.

Ladha hii haikuzaliwa juzi. Mwaka 1912 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ndogo ya mfukoni yenye lenzi sahili. Wapenzi wa picha wa Japani waligundua kwamba wakiondoa kizuizi kilichobana tundu la lenzi hiyo, kasoro zake zote huachiliwa na picha hulainika kama ndoto. Walifanya kwa kusudi kile ambacho mtengenezaji alikuwa amekizuia kwa kusudi. Baadaye watengenezaji wenyewe waliifuata ladha hiyo. Mwaka 1990 Nikon ilitoa lenzi ya milimita 135 yenye pete ya pekee, ambayo mpiga picha huizungusha ili kuchagua kama kufifia kuzuri kuwe mbele au nyuma ya mhusika. Neno la sifa lilikuwa limekuwa sehemu ya chombo.

4. Maneno yaliyogeuzwa kuwa silaha

Ingekuwa upungufu kuyahakiki maneno haya kama mali ya wapenzi wa lenzi peke yao. Mnamo Novemba 1968 lilitokea Tokyo jarida dogo lililoitwa Provoke. Waasisi wake walikuwa Taki Koji, Nakahira Takuma, Takanashi Yutaka na mshairi Okada Takahiko. Moriyama Daido alijiunga katika toleo la pili. Lilitoka mara tatu tu, la mwisho mwaka 1969. Nao walikuwa mwaka ambao vyuo vikuu vya Japani vilikuwa vimefungwa na migomo ya wanafunzi na mapambano na polisi.

Picha za kundi hilo zilielezwa kwa maneno matatu yaliyotajwa pamoja kama kibwagizo: 'are, bure, boke'. Hapa 'boke' halina ladha ya upole hata kidogo. Wapiga picha hawa waliona kwamba picha iliyo wazi na iliyopangwa vizuri ni ile ya gazeti na ya tangazo. Inamwambia mtazamaji kwamba dunia inaeleweka na imekwisha elezwa. Wao walitaka picha ambayo bado haijapata maneno. Nakahira alikiita kitabu chake cha 1970 kwa jina linalozungumzia lugha ambayo bado haijafika. Makosa matatu ambayo kila mwalimu wa picha huyakanya, wao waliyapandisha kuwa msimamo.

Tunalosifu hapa ni ushupavu wa lugha. Kwa kuwa maneno hayo yalikuwa ya kawaida, na kwa kuwa yalikuwa yakitaja makosa, kila aliyeyasikia alielewa mara moja ukubwa wa uasi. Istilahi ya kubuniwa au ya kuazimwa isingeweza kuasi namna hiyo, kwani neno lisilojulikana halina heshima ya kuvunjiwa.

Lakini uhakiki wa haki hauna budi kusema pia yaliyofuata. Mtindo huo ulimezwa upesi. Kampeni ya matangazo ya utalii ya shirika la reli la taifa, iliyoanza 1970, ilitumia mabango yenye picha zilizotikisika na kufifia, na uasi ukawa pambo la kuuzia tiketi. Nakahira mwenyewe, katika insha zake za 1973, aliukana ukungu wake wa zamani na kudai picha iliyo wazi kama mchoro wa kitabu cha mimea. Alikuwa ameona kwamba kufifia nako kwaweza kuwa uongo: mpiga picha humwaga hisia zake juu ya vitu hadi vitu vyenyewe havionekani. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote katika historia ya maneno haya, nayo ndiyo ambayo dunia haikuiazima.

5. Kilichosafiri na kilichobaki

Mwaka 1997 jarida la Marekani la Photo Techniques, chini ya mhariri Mike Johnston, lilichapisha makala tatu juu ya somo hili, zilizoandikwa na John Kennerdell, Oren Grad na Harold Merklinger. Mhariri aliongeza 'h' mwishoni mwa neno ili wasomaji wake walitamke kwa silabi mbili, kwani tahajia ya 'boke' ingewapeleka kwenye silabi moja. Tunakiri kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa uangalifu. Grad alizieleza istilahi za Kijapani kama familia, pamoja na 'pin-boke', 'te-bure' na nyinginezo. Lakini wasomaji walichukua moja, wakaacha nyingine.

Madai mawili yaliyozoeleka juu ya neno hili hatuyakubali. La kwanza ni kwamba watu wa Magharibi hawakujali kufifia kabla ya kulipata neno. Si kweli. Julia Margaret Cameron alikuwa akipiga picha za watu zenye ulaini wa makusudi huko Uingereza katika miaka ya 1860, na Kifaransa kimekuwa na 'flou artistique' kwa muda mrefu, hadi maneno hayo yakahamia kwenye siasa kumsema kiongozi anayekwepa jibu. Walichokosa ni kitu chembamba zaidi: jina la tabia ya sehemu isiyo wazi ndani ya picha ambayo kwingineko ni wazi. Hilo ndilo pengo lililozibwa.

Dai la pili ni kwamba 'boke' halifasiriki kwa sababu limebeba roho ya Japani. Hili ni sifa inayodhuru. Tumeona kwamba ni umbo la kitenzi cha kawaida, lililofanyiwa kazi na watu waliopenda kamera na kulinganisha lenzi. Ukilifanya neno kuwa la miujiza, unamzuia msemaji wa lugha nyingine asitafute la kwake.

Je, hasara ilikuwa nini? 'Bokeh' la Kiingereza ni nomino pweke. Halina kitenzi, halina mwenzake aliye elekezi, halijui 'bure' wala 'are'. Aliyeliokota hakuokota pamoja nalo picha iliyochafuka ya Provoke wala toba ya Nakahira. Likabaki sifa tu, na sifa ni rahisi kuuzwa. Tangu iPhone 7 Plus ya 2016, simu huhesabu umbali wa vitu na kuyafifisha ya nyuma kwa programu. Kwa Kijapani tungeweza kusema kwamba hiyo ni 'bokashi' badala ya 'boke': kitu kilichofifishwa, si kilichofifia. Kiingereza kiliazima neno bila sarufi yake, na kwa sababu hiyo hakina njia fupi ya kutofautisha.

6. Kiswahili kichague nini?

Njia ya kwanza ni kulichukua neno lenyewe kupitia Kiingereza. Hatuipendekezi, kwa kuwa tungeazima pengo pamoja na neno. Njia ya pili ni kubaki na 'flou' la Kifaransa. Linaeleweka mjini kwetu, lakini halitofautishi mkono uliotikisika na lenzi iliyolainisha, wala halizai: hatusemi 'kufluisha'. Njia ya tatu, ambayo wengi wataifikiria kwanza, ni 'ukungu'. Neno ni zuri, nasi tumelitumia hapo juu kwa sitiari. Kama istilahi lina hatari. Ukungu ni pia ule uotao juu ya mkate na nguo, na ndio huo huo uotao ndani ya lenzi zilizohifadhiwa mahali penye unyevu na kuziharibu. Fundi akiambiwa kwamba lenzi ina ukungu mzuri, atashangaa.

Sisi tunapendekeza kuiga mbinu, si sauti. Kiswahili kina vitenzi vya hali kama vile vya Kijapani, na kina njia ya kuvifanya nomino kwa kiambishi m- mwanzoni na -o mwishoni. 'Fifia' husemwa juu ya rangi, juu ya sauti, juu ya matumaini. Upana wake wakaribia ule wa 'bokeru', na mwenzake 'fifisha' tayari yupo. Tupate basi 'mfifio'. 'Tikisika' hutupa 'mtikisiko', neno lililomo katika matumizi ya kila siku. Na kwa 'are' hatuna haja ya kubuni: kama vile Wajapani wasemavyo 'areru' juu ya bahari, nasi husema kwamba bahari imechafuka. 'Are, bure, boke' kwa Kiswahili ni mchafuko, mtikisiko, mfifio. Kibwagizo kimesimama.

Kutokana na hayo, mengine hujizaa: mfifio wa fokasi, mtikisiko wa mkono, mfifio wa mbele na wa nyuma, mfifio wa mistari miwili, mfifio wa kizunguzungu, ladha ya mfifio, makali ya lenzi. Msomaji ataona kwamba 'lenzi' na 'fokasi' ni ya kuazimwa. Hatuna ugomvi nayo. 'Pinto' lilikuwa la Kiholanzi, nalo likaolewa katika ukoo likazaa.

Kuna atakayepinga kwamba 'picha imefifia' kwa watu wengi ni picha ya zamani iliyopauka kwa jua. Ni kweli, lakini utata huo upo pia katika 'bokeru', na muktadha huutatua: picha hufifia kwa miaka, bali mfifio wa nyuma ni wa lenzi. Upinzani mzito zaidi ni kwamba maneno ya wasomi hayatoki chuoni. Hapo jibu haliko katika orodha kama yetu. Liko kwa wapiga picha wenyewe na wanaoandika juu ya kazi zao.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nguvu ya istilahi za Kijapani za picha haikutoka katika siri ya taifa. Ilitoka katika vitenzi vya kawaida, vyenye jozi zake na uwezo wa kuungana, ambavyo watu walithubutu kuvitumia kusifia na kulaumia, na hatimaye kubishania. Ubishi huo ndio unaotupungukia. Kutaja kamera kwa Kiswahili tumekwisha kuweza. Kubishana kwa Kiswahili kama mfifio wa picha fulani ni ladha, ni kosa, au ni namna ya kuficha ukweli, bado. Tunawaalika wenzetu wa idara nyingine, na hasa wapiga picha wa mji huu, wayapime maneno tuliyoyapendekeza juu ya picha halisi, wayakatae yasiyofaa, na watuletee yaliyo bora.